Mary Seacole: Muuguzi Aliyekwenda Vitani kwa Gharama Zake Mwenyewe

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, wauguzi nchini huungana na wenzao duniani kuadhimisha Siku ya Wauguzi, na mishumaa huwashwa kwa kumkumbuka Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1820. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Mei, hupita kimyakimya kumbukumbu ya kifo cha mwanamke mwingine aliyewahudumia wagonjwa na majeruhi wa vita hivyohivyo vya Crimea vilivyompa Nightingale umaarufu. Mwanamke huyo ni Mary Seacole wa Jamaica, aliyefariki dunia jijini London mwaka 1881. Alikwenda vitani bila barua ya uteuzi, bila mshahara na bila sare. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kumhusu tunayajua kwa sababu aliyaandika katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa London mwaka 1857.

Jina lake la kuzaliwa ni Mary Jane Grant, na alizaliwa Kingston mwaka 1805. Baba yake alikuwa Mskoti, askari katika jeshi la Uingereza. Mama yake alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Afrika, aliyeendesha nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Blundell Hall na kusifika mjini kwa utabibu wa mitishamba. Wageni wake wengi walikuwa maofisa wa jeshi na wanamaji waliougua homa za visiwa vile, ambazo madaktari wao waliotoka Ulaya hawakuzizoea.

Wakati huo watu walio wengi katika kisiwa cha Jamaica walikuwa watumwa katika mashamba ya miwa. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutumika mwaka 1834, na hata hapo waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi mwaka 1838. Mary alizaliwa huru, lakini uhuru huo ulikuwa na mipaka. Katika utoto na ujana wake, watu huru wa asili yake walinyimwa haki nyingi za kiraia, ikiwemo haki ya kupiga kura.

Uuguzi aliuanza akiwa mtoto. Kila ugonjwa uliopita Kingston alimpa mwanasesere wake, kisha akamtibu. Baada ya mwanasesere wagonjwa wake wakawa mbwa na paka wa nyumbani, na hatimaye akazijaribu dawa kwenye mwili wake mwenyewe. Alipofikia umri wa miaka 12 hivi alikuwa tayari akimsaidia mama yake kuwahudumia wagonjwa.

Akiwa bado msichana alisafiri hadi London na kukaa huko takribani mwaka mmoja. Baadaye alirudi tena akiwa na shehena ya achari na matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari, akaiuza. Kutoka katika safari ya kwanza alikumbuka jinsi watoto wa mitaani walivyomzomea msichana aliyefuatana naye, aliyekuwa mweusi kuliko yeye. Mwaka 1836 aliolewa na Edwin Seacole, mfanyabiashara Mwingereza mwenye afya dhaifu. Walifungua duka la vyakula katika mji wa Black River, biashara ikawashinda, wakarejea Kingston. Mwaka 1843 moto mkubwa uliunguza sehemu ya mji pamoja na Blundell Hall. Mwaka uliofuata mumewe alifariki, na mama yake akafuata muda mfupi baadaye. Mary aliijenga upya nyumba ya wageni, na hakuolewa tena.

Msomaji wa kitabu chake huona jambo la ajabu hapa. Ndoa, misiba na moto, yote yamepita katika kurasa chache. Hata mwaka aliozaliwa hakuutaja, kwa kudai kuwa mwanamke mjane anayo haki ya kuuficha. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu miaka michache tu ya maisha yake, ile aliyoitumia katika milipuko ya maradhi na katika vita. Inaonekana alijua mapema ni jambo gani maishani mwake lilistahili kuwekwa katika kumbukumbu.

Mwaka 1850 kipindupindu kiliingia Jamaica na kuua maelfu ya watu. Mary aliwauguza wagonjwa na kufuatilia namna ugonjwa ulivyoenea. Mwaka uliofuata alimfuata kaka yake wa kambo, Edward, huko Cruces, mji mdogo katika shingo ya nchi ya Panama. Mji huo ulijaa wasafiri wa Kimarekani waliokuwa wakienda au kutoka California kusaka dhahabu. Muda mfupi baada ya kufika, rafiki wa kaka yake, Mhispania, alikula chakula hotelini kwao na usiku uleule akafa. Watu walianza kunong'ona kuwa amelishwa sumu. Mary aliomba kuiona maiti, akaitambua mara moja dalili ya kipindupindu, na kabla watu hawajamaliza kubishana mgonjwa wa pili akawa ameanguka.

Hapakuwa na daktari mwenye uzoefu wa ugonjwa ule. Kwa siku nyingi alizunguka kutoka kibanda hadi kibanda, akiwakanda wagonjwa kwa haradali, akiwatapisha, akiwapa maji yaliyochemshwa na mdalasini. Matajiri walilipa na maskini walitibiwa bure. Baadhi ya dawa zake zilikuwa na zebaki, nyingine chumvi ya madini ya risasi. Tiba ya leo isingeruhusu dawa hizo, ingawa madaktari wa Ulaya wa zama zile walizitumia pia. Yeye mwenyewe alikiri katika kitabu chake kuwa baadhi ya tiba alizozitoa Panama zilikuwa makosa, na kwamba alipozikumbuka baadaye zilimtia hofu. Ni nadra kwa tabibu wa karne ile kuliandika jambo hilo.

Huko Cruces ndiko lilikotokea tukio zito kuliko yote katika sehemu ya kwanza ya kitabu. Mtoto yatima wa umri wa mwaka mmoja hivi alifia mikononi mwake. Mary alitaka kuujua ugonjwa huo kwa ndani. Alimshawishi mtu aliyekwenda kumzika mtoto aupeleke mwili kando ya mto, na huko, alfajiri, akaupasua na kuuchunguza. Hakueleza kwa kina alichokiona. Alieleza kuwa mikono yake ilisita, na kwamba alichojifunza kilimfaa katika kazi iliyofuata. Msomaji wa leo atajiuliza kuhusu ridhaa, na ana haki ya kujiuliza. Baadaye yeye mwenyewe aliugua kipindupindu, akapona.

Alirejea Jamaica mwaka 1853 na kukuta homa ya manjano. Viongozi wa tiba wa jeshi walimwomba asimamie uuguzi katika kambi ya Up-Park, Kingston. Inafaa kulikumbuka jambo hilo kwa sababu ya yaliyotokea mwaka mmoja baadaye. Jeshi lililomwamini katika koloni ndilo jeshi lililomkataa London.

Vita vya Crimea vilianza mwaka 1853 kati ya Urusi na Dola ya Uturuki, na mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa zikaingia upande wa Uturuki. Habari zilizofika London zilikuwa za aibu kwa serikali. Askari walio wengi hawakuwa wakiuawa kwa risasi bali kwa kipindupindu, kuhara na baridi, na waliougua walikosa hata blanketi. Mwezi Oktoba 1854 Nightingale aliondoka London akiwa na wauguzi 38 kwenda hospitali ya Scutari, ng'ambo ya mlango wa bahari unaotazamana na Istanbul.

Mary alifika London majira hayohayo, kwa sehemu akifuatilia hisa zake za mgodi wa dhahabu wa Panama. Aliposikia kuwa vikosi alivyowafahamu maofisa wake Jamaica viko Crimea, aliamua kwenda. Alibisha hodi Wizara ya Vita, kisha ofisi ya mkuu wa ugavi, kisha idara ya tiba ya jeshi. Alikwenda kwa waliokuwa wakiandikisha wauguzi wa kundi la pili, na mwisho akawaomba wasimamizi wa mfuko wa hisani wa Crimea wamlipie nauli tu. Alikuwa na barua za ushahidi kutoka kwa madaktari aliofanya nao kazi. Kila mahali alipokewa kwa adabu na kuondolewa kwa adabu.

Ni katika ukurasa huo kwamba kitabu, ambacho kwa kawaida kina mzaha mwingi, hubadilika sauti. Mary alisimama barabarani jioni ya baridi, giza likiingia, akajiuliza iwapo rangi ya ngozi yake ndiyo iliyofunga milango ile. Alilia mbele ya wapita njia. Hakuna mahali pengine anapolitamka shaka hilo kwa uwazi namna hiyo, na hakulirudia mara nyingi, pengine kwa kuwa wanunuzi wa kitabu chake walikuwa Waingereza walewale.

Asubuhi iliyofuata alibuni njia nyingine. Kama serikali haikumtaka awe muuguzi, hakuna aliyeweza kumzuia kuwa mfanyabiashara. Yeye na Thomas Day, ndugu wa marehemu mumewe, waliunda kampuni ya kuwauzia wanajeshi vyakula na mahitaji mengine. Mwishoni mwa Januari 1855 alipanda meli akiwa na shehena ya bidhaa na dawa. Alipitia Malta, ambako daktari mmoja alimpa barua ya kumtambulisha kwa Nightingale. Huko Scutari alipita wodini, akawakuta askari waliomfahamu tangu Jamaica, akarekebisha bandeji hapa na pale. Nightingale alimpokea kwa dakika chache. Usiku huo Mary alilala katika chumba cha wanawake wafuaji nguo, na asubuhi akaendelea na safari ya kuvuka Bahari Nyeusi.

Wengi huwataja wanawake hawa wawili kana kwamba walifanya kazi moja mahali pamoja. Haikuwa hivyo. Scutari ilikuwa mbali na mapigano kwa mamia ya kilomita za bahari, na wagonjwa walifikishwa huko kwa meli. Mary alifungua makao yake upande ule ule wa bahari uliokuwa na mizinga, katika njia itokayo bandari ya Balaclava kuelekea kambi ya Waingereza iliyouzingira mji wa Sevastopol.

Wiki za mwanzo alilala ndani ya meli iliyobeba silaha bandarini na kushinda gatini akizilinda bidhaa zake dhidi ya wezi. Gati hilo ndilo walilopitishiwa wagonjwa na majeruhi kabla ya kupakiwa melini. Alianza kuwapa chai, kuwafunga vidonda upya na kuwashikilia machela, bila kuombwa na mtu. Jengo lake, aliloliita British Hotel, lilijengwa kwa mbao zilizookotwa baharini, masanduku ya mizigo, mabati, na milango na madirisha yaliyotolewa katika nyumba zilizohamwa. Lilimgharimu si chini ya pauni 800. Palikuwa na duka, chumba cha kulia, jiko, zizi na stoo. Panya walikula unga, mafuriko yalisomba bidhaa, farasi na mbuzi waliibwa usiku.

Asubuhi wagonjwa walikuja kupata dawa, hasa za tumbo, na waliozidiwa aliwafuata katika vibanda vyao. Mchana alipika. Pudini yake ya wali, iliyopikwa bila maziwa kwa kuwa maziwa hayakupatikana, iliwakumbusha askari nyumbani. Aliuza pia mvinyo na pombe kali, na bei zake kwa maofisa hazikuwa za hisani. Hilo halifichwi kitabuni. Faida kutoka kwa wenye fedha ndiyo iliyolipia dawa za wasio nazo, na pale ambapo faida haikutosha alikopesha.

Siku za mapigano alifungasha bandeji, sindano, uzi, dawa, mikate na mvinyo, akapanda farasi na kwenda mahali majeruhi walipolala. Siku moja, makombora yakipita juu, alijitupa chini na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikateguka. Hakikurudi tena katika hali yake. Baada ya mapigano ya mto Tchernaya, tarehe 16 Agosti 1855, aliwahudumia majeruhi wa pande zote. Mmoja alikuwa Mrusi aliyepigwa risasi kwenye taya. Mary aliingiza kidole kinywani mwake kuitafuta risasi, na wakati huohuo mtu yule akakata roho, meno yakakibana kidole hadi wengine waje kumnasua. Kovu lilibaki.

Sevastopol ulipoanguka mwezi Septemba 1855, alikuwa ameshajipatia kibali, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kutoka upande wa Uingereza kuingia katika mji huo uliokuwa bado unaungua. Askari wa Ufaransa walimshuku kuwa jasusi wa Warusi na kumkamata. Mary, aliyekuwa ameokota kengele katika kanisa lililobomolewa, alimpiga nayo mmoja wao kabla ofisa aliyemfahamu hajafika kumwokoa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kurasa hizo zina thamani kuliko taarifa nyingi za majenerali kwa jambo moja: zinaonesha vita kama kazi ya kila siku ya maji, nguo, chakula na kuhara, kazi ambayo taarifa rasmi za vita haziitaji ila kwa takwimu.

Amani ilitiwa saini mjini Paris tarehe 30 Machi 1856, na amani hiyo ndiyo iliyomfilisi. Stoo ilikuwa imejaa. Askari waliondoka kikosi baada ya kikosi, wengine wakiwa na madeni yasiyolipwa. Wanunuzi wa Kirusi walijua kwamba asingeweza kuondoka na bidhaa zile, wakampa bei za kutupa. Katika siku za mwisho alishika nyundo na kuzivunja chupa za mvinyo mwekundu kuliko kuziacha. Aliondoka Crimea kati ya watu wa mwisho, na kabla mwaka haujaisha yeye na Day walikuwa mbele ya mahakama ya ufilisi jijini London.

Waliotibiwa naye hawakumsahau. William Howard Russell, mwandishi wa gazeti la The Times aliyeripoti vita kutoka Crimea, aliutangaza mchango wake, na mfuko ukaanzishwa wa kumsaidia. Mwezi Julai 1857 lilifanyika tamasha la kijeshi la siku nne kwa ajili yake katika bustani za Royal Surrey, likiwa na wasanii wapatao 1,000 na umati mkubwa wa watazamaji. Kisha kampuni iliyomiliki bustani hizo ikafilisika. Mary alipata pauni 57.

Mwezi huohuo ndipo kitabu kilipotoka, kikiwa na utangulizi wa Russell. Kinatajwa kuwa tawasifu ya kwanza ya mwanamke mweusi kuchapishwa Uingereza. Aliwekewa mhariri, na wanazuoni wamejadili ni kiasi gani cha maneno ni chake. Hata hivyo, sauti ya mwanamke mcheshi, mwenye majivuno kidogo na asiyependa kuonewa huruma inasikika tangu mwanzo hadi mwisho. Ni sauti ya mtu anayetetea hesabu zake mbele ya wadai.

Karibu mwaka 1860 alijiunga na Kanisa Katoliki na kurejea Jamaica. Fedha zilipopungua tena, mfuko wake ulifufuliwa mwaka 1867 kwa udhamini wa watu wakubwa, wakiwemo wana wa Malkia Victoria. Kwa fedha hizo alinunua ardhi Kingston na kujenga. Kufikia mwaka 1870 alikuwa amerudi London, na huko akawa akimkanda misuli Binti Mfalme Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha enzi. Mwaka 1871 mpwa wa Malkia, ambaye katika ujana wake alipitia Crimea, alimchongea sanamu ya marumaru. Alifariki kwa kiharusi, akaacha mali ya zaidi ya pauni 2,500. Kwa mtu aliyefilisika mara moja na kuunguliwa na nyumba, hesabu hiyo si haba.

Kuhusu uhusiano wake na Nightingale, ushahidi una pande mbili. Mary aliandika juu yake kwa heshima tupu. Nightingale, katika barua ya faragha ya mwaka 1870, alikiri kuwa Mary aliwatendea askari wema na kufanya mazuri, lakini akamlaumu kwa kuwalewesha wengi na kuwaepusha wauguzi wake naye. Barua hiyo haikukusudiwa kusomwa na umma.

Baada ya kifo chake alisahauliwa Uingereza kwa takribani miaka 100. Jamaica haikumsahau kabisa. Mwaka 1954 chama cha wauguzi cha kisiwa hicho kiliyapa makao makuu yake jina lake. Kaburi lake, lililoko katika makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green, London, lilikarabatiwa na kuwekwa wakfu upya mwaka 1973. Kitabu kilichapishwa tena mwaka 1984. Katika kura ya umma ya mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Mwingereza mweusi mashuhuri kuliko wote. Mwanzoni mwa karne hii ilipatikana pia picha yake ya rangi ya mwaka 1869, iliyokuwa imetumika kama ubao wa nyuma wa fremu ya picha nyingine. Katika picha hiyo amevaa nishani tatu kifuani, ingawa hakuna tangazo rasmi la serikali ya wakati huo linaloonesha kuwa alitunukiwa.

Kurejea kwake kumezua mabishano. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikusudia kuliondoa jina lake katika mtaala wa historia, ikaliacha baada ya maelfu ya wananchi kutia saini waraka wa kupinga. Sanamu yake ilipopangwa kusimamishwa katika viwanja vya hospitali ya St Thomas', ambako Nightingale alianzisha shule ya wauguzi mwaka 1860, wapo waliopinga wakisema Mary alikuwa mfanyabiashara mwema, si muuguzi. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani hakuwahi kufanya kazi katika hospitali ya vita. Lakini inasahau kuwa aliiomba kazi hiyo ofisi baada ya ofisi, akanyimwa. Sanamu ilizinduliwa tarehe 30 Juni 2016, ikitazamana na Bunge la Uingereza ng'ambo ya mto Thames.

Kitabu chake kimekwisha muda wa hakimiliki, na kinapatikana bila malipo kwenye intaneti, kwa Kiingereza.